Jumamosi za Kaagya

Mimi ni mtu wa kushuku. Sikuambukizwa na mtu, nimezaliwa hivyo. Ukinisifia gauni nitageuka kuangalia kama limechanika nyuma. Ukiniletea mkungu wa ndizi bila kuombwa, nitaukagua mkungu kwanza, halafu nitakukagua wewe. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba siku nikifika mbinguni nitamwuliza malaika wa mlangoni ufunguo kautoa wapi. Alisema hivyo akicheka, nami nikacheka, huku najiuliza mwanamume huyu ananichekesha ana nini.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyefiwa na mume, na kabla hata machozi hayajakauka akamwona mwanamke asiyemjua anaingia msibani na ukanda wa wafiwa kiunoni. Lakini nisikimbilie huko.

Tulikaa Kamachumu, kwenye kibanja ambacho mume wangu aliachiwa na baba yake, migomba na mibuni mpaka ukutani. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Uhuru ulishazoeleka, machifu walishaondolewa zamani, na kila wiki kulikuwa na mkutano wa kutueleza jambo ambalo wiki iliyopita tulielezwa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa Walutheri, watu wa kanisani kila Jumapili, yeye na tai yake, mimi na kitambaa changu, na mama yake mzazi, aliyekuwa akikaa nasi, akitutangulia mbele kwa fimbo.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti. Alipofika umri wa kuuliza maswali yasiyo na majibu, surua ikamchukua. Tulimzika kibanjani nyuma ya nyumba, kama kwetu watu wanavyozikwa, karibu na wenzao. Mimi nililia mpaka sauti ikakatika. Mume wangu hakutoa hata chozi. Alishika jembe, akasaidia kufukia, akanawa mikono, akaenda kuwapokea wageni na kuwauliza kama wamekula. Watu wakasema, yule ndiye mwanamume. Mimi nikasema kimoyomoyo kwamba nimeolewa na jiwe.

Haukupita msimu mmoja wa mvua, Jumamosi zikaanza.

Jumamosi ya kwanza alisema anakwenda semina Bukoba. Miaka ile kila kitu kilikuwa semina: semina ya kisomo cha watu wazima, semina ya kilimo bora, semina ya siasa. Nani angepinga semina? Akaondoka na basi la asubuhi, akarudi Jumapili jioni, ibada imempita. Baada ya muda akaenda tena. Kisha tena. Tatizo ni kwamba Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya shamba la kijiji, kila mwenye mikono miwili alitakiwa aonekane na jembe, na mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa na macho makali ya kuhesabu watu kuliko mchungaji.

"Mwalimu yuko wapi?" aliniuliza tukiwa shambani.

"Semina."

"Semina gani hiyo isiyoniita mimi?"

"Kamwulize aliyeiitisha," nikamjibu, nikaendelea kupalilia. Mdomoni nilimtetea mume wangu. Moyoni nilikuwa upande wa mjumbe.

Dada yangu aliolewa Rwamishenye, pale mabasi yetu yanapoingilia mjini, na alikuwa na kiduka cha chumvi na sabuni kando ya barabara. Siku moja alinijia kunisalimia, akakaa, akala, akazunguka, akazunguka tena. Nikamwambia, "Wee, toa ulichokuja nacho." Akasema shemeji anamwona. Haendi semina yoyote. Akifika mjini anapanda gari la Kaagya, na safari ya mwisho alikuwa na sukari mkononi.

Sukari! Nawaomba mnaosoma leo mkumbuke sukari ya miaka ile. Sukari ilipangiwa foleni, ikapimwa kwa kikombe, ikafichwa uvunguni. Mimi nilikuwa nakunywa chai kavu, mama mkwe wangu anakunywa chai kavu, na mume wangu anawapelekea sukari watu wa Kaagya. Mwanamume hampelekei mkufunzi wa semina sukari. Nilimshukuru dada yangu, nikamfungia ndizi za kwenda nazo.

Tangu hapo nikawa askari. Akirudi, shati lake nililinusa kabla ya kulifua. Lilinuka moshi na lubisi, pombe ya ndizi, naye hakuwa mnywaji. Nilimtazama vidole. Vidole vya mtu wa chaki, lakini ncha zake zilianza kuota sugu. Nikajiuliza huko Kaagya anamlimia nani. Halafu siku moja akiwa anaoga niliona alama ndogo kando ya kitovu chake, chale mbichi inayoanza kupona.

"Hiyo nini?"

"Nimekwaruzwa na mbuni."

"Mbuni gani unaopanda mpaka kitovuni?"

Akacheka. Mimi nikajijibu mwenyewe: huyu amepelekwa kwa mganga, akachanjwa, akatiwa dawa ya kumsahau mkewe. Mwanamke wa Kaagya hakuridhika na sukari, anataka mtu mzima mzima. Nilimchukia mwanamke huyo kabla sijamjua sura. Na usiniulize kwa nini sikumfuata mume wangu siku hiyohiyo. Nilikuwa najiandaa. Nilishakubaliana na dada yangu kwamba Jumamosi inayofuata nitakuwa nimejificha dukani kwake, nimwone anavyopanda gari, nami nipande.

Safari hiyo haikufanyika. Homa ilimshika katikati ya wiki, ikampanda kichwani, akaacha kutujua. Alilala akichezesha vidole juu ya blanketi, anavuta, anaachia, anavuta, anaachia. Nilimpa mkono wangu nikidhani anautafuta. Akauondoa taratibu, akaendelea na blanketi. Sijui kama mtu aliyefiwa anaruhusiwa kusema hili, lakini nitasema: nililionea wivu blanketi. Alfajiri ya Jumamosi akafa bila kuniachia neno.

Sasa msiba. Kwetu mtu akifa majirani huweka majembe chini, hakuna anayelima. Wanawake hulala sakafuni kwenye nyasi pamoja na mfiwa. Na walio wa nyumba ya marehemu, wake, watoto na ndugu wa damu, hujifunga kiunoni ukanda wa gamba kavu la mgomba, ili kila anayeingia ajue nani ampe pole ya kwanza. Jirani hajifungi. Rafiki hajifungi. Ukimwona mtu nao, huulizi, unajua.

Tulikuwa tumeshazika. Nilikuwa nimekaa ukutani na mama mkwe wangu ubavuni, wanawake wamejaa. Akaingia mwanamke mrefu, mweusi, wa makamo, miguu imejaa vumbi la safari. Alilia tangu mlangoni, kilio cha mtu mwenye haki nacho. Na kiunoni, juu ya kitenge, ukanda wa mgomba.

Wanawake wakanitazama mimi, wakamtazama yeye, wakanitazama mimi tena. Mama mkwe wangu akaninong'oneza kwa Kihaya, "Mawe!" yaani mama wee, "Huyu ni nani?"

"Muulize mwanao," nikasema. Nilisema vibaya, lakini ndivyo nilivyosema.

Yule mwanamke hakujitetea wala kujieleza. Alinipa pole, akampa pole mama mkwe, akatoka nje, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi pamoja na mashemeji zangu kama mtu aliyezaliwa ukoo huo. Alichota maji. Alifagia. Kila alichopika sikukila. Wakanishauri nile nipate nguvu, nikasema tumbo limefunga. Tumbo halikufunga, nilikuwa nakufa njaa, lakini kuila ndizi ya mkono ule? Thubutu!

Nilimchunguza kutwa nzima. Nilitafuta uzuri wake nikauona, nikakasirika. Nilitafuta ubaya wake nikauona pia, meno mawili ya mbele yamepishana, nikakasirika zaidi, kwamba nimeachwa kwa ajili ya meno hayo. Alipokuwa anaaga alitusogelea mimi na mama mkwe, akapiga magoti.

"Mume wangu hawezi kutembea," alisema. "Anawaomba mfike kwetu Kaagya kabla ya kuondoa matanga. Ni jambo la mwalimu, na si la kusema mbele ya watu."

Kasema mume wangu! Kwa hiyo ana mume. Hilo lilinipa nafuu kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu nikafikiri: mume asiyeweza kutembea. Nikaelewa kila kitu, au nilijiona nimeelewa.

Na hapa lazima niseme wazi nilichokuwa nakiogopa, kwa sababu hakikuwa wivu peke yake. Kwetu kibanja hufuata damu ya mwanamume. Mjane asiye na mtoto hukaa kwa hisani ya ndugu wa mume. Kama huko Kaagya kulikuwa na mtoto wa kiume wa mume wangu, basi huyo ndiye mrithi, na mama yake ataingia nyumba yangu na meno yake yaliyopishana, na mimi nitafunga kitenge changu nirudi kwa baba. Halafu nani angekaa na binti yangu pale nyuma ya nyumba? Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha pumzi. Angekanyagwa na watu wasiojua hata kama aliwahi kuwepo.

Mama mkwe wangu naye alishaelewa vilevile, ila yeye macho yalianza kung'aa. "Mwana wange," aliniambia tulipobaki wawili, "kama kuna mjukuu, nitasema kuna mjukuu. Usinichukie."

"Sikuchukii, mama. Ila ukianza kumwimbia njiani nitakushusha basi."

Tukaenda. Basi mpaka mjini, gari jingine mpaka Kaagya, halafu miguu. Mama mkwe alikuwa amebeba kifurushi kidogo ambacho hakutaka nikione. Nilikiona. Ilikuwa kaptula ya mtoto ya mume wangu, aliyoitunza miaka yote. Nilitaka kulia na kumpiga kwa wakati mmoja.

Nyumba ilikuwa safi, nyasi mpya zimetandikwa sakafuni. Yule mwanamke alitupokea kwa magoti, akaleta kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizopikwa na kukaushwa ambazo mgeni wa Kihaya hupewa azitafune kabla ya mazungumzo. Mama mkwe akachukua, akatafuna. Mimi nikachukua, nikazifumba kiganjani. Kuzikataa ni tusi, na kuzitafuna nilikuwa naogopa zisije zikawa zimetiwa dawa. Nilikaa nazo mkononi zikanitoa jasho.

Watoto walipita uani. Niliwakagua mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa na masikio yaliyosimama, masikio ya ukoo, huwezi kuyakosea. Nilitazama masikio. Hakuna. Akapita mwingine. Hakuna. Mama mkwe naye alikuwa akinyoosha shingo kuangalia masikio yaleyale, na kila mtoto alipopita uso wake ulishuka kidogo na wangu ulipanda kidogo.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye mkeka, mzee kuliko mkewe, miguu imemkatalia. Baada ya salamu ndefu nilichoka.

"Waitu," nikamwambia, kama mkubwa anavyoitwa kwetu, "sisi tumetoka mbali na tuna msiba. Mtoto yuko wapi?"

Akanitazama. "Mtoto gani?"

"Wa mwalimu."

Mzee akamtazama mkewe, mkewe akaangalia chini, kisha, sitasahau, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mzee hakucheka. Alifunua shati, akaonyesha kando ya kitovu chake. Chale ndogo, mahali palepale.

"Tulichanjiana," alisema.

Mimi ni Mhaya, niliwahi kusikia mambo hayo kwa wazee. Watu wawili wanaopendana kama ndugu huchanjwa kitovuni. Tunda moja la kahawa lina buni mbili ndani yake, basi kila mmoja hupaka buni yake damu, na mwenzake huimeza. Tangu hapo wao ni nyumba moja. Mmoja akifa, nyumba ya mwenzake hujifunga ukanda wa mgomba. Nilikulia misheni, na misheni tulifundishwa kwamba hayo ni ya kipagani na yamekwisha. Kumbe hayakwisha. Mwalimu wa shule, mtu wa tai, alimeza buni yenye damu huko Kaagya, akaogopa kanisa, akaninyamazia mimi.

"Kwa nini?" nikauliza. "Wewe una nini cha kumfanya mwalimu achanjiane nawe?"

Mzee akamwashiria mkewe. Akaingia ndani, akatoka na enanga, ule ubao mrefu uliochimbwa kama hori dogo, nyuzi zimevutwa juu yake. Mzee alieleza kwamba ujanani alikuwa akiwaimbia machifu. Machifu walipoondolewa, akaambiwa nyimbo zake ni za kuwasifu wanyonyaji, akaitundika enanga yake juu ya moshi. Mume wangu alikuja siku ya kwanza akitafuta hadithi za kale za kuwasomea wanafunzi. Aliiona ikiwa imetundikwa, akaomba asikie. Aliposikia aliweka kichwa magotini, akalia tangu adhuhuri mpaka jua linashuka.

"Alilia?" nikasema. "Huyo siye mume wangu."

"Alilia, mama. Halafu akaniuliza kama mtu anaweza kumwimbia mtoto jinsi mimi nilivyowaimbia machifu. Nikamwambia sijawahi kusikia, lakini nyuzi hazichagui. Akawa anakuja kujifunza. Sukari ndiyo ilikuwa zawadi yake."

Sikuamini. Nitakuwa mkweli, niliona hawa watu wamejipanga vizuri, na hadithi imenyooka mno. Nikamwambia, "Basi imba. Nisikie huo wimbo wa mtoto."

Akaimba kwa Kihaya. Kwa Kiswahili naweza kuyasema maneno, sauti siwezi.

*Nilipata mgeni, alikuja uchi, nikampa jina.
Alikuwa mfupi kuliko jembe, nyumba nzima ikamwinamia.
Alinitilia senene viatuni, nikampigia kelele.
"Tata, nimekuwekea za njiani."
Mwanangu, viatu vyangu viko mlangoni.
Tia senene. Tia wote.*

Ngoja niwaeleze. Msimu mmoja wa senene, wale panzi tunaowakamata mvua zikianza, mimi na mtoto tulikuwa tukiwanyonyoa mabawa asubuhi. Yeye akachota walio hai akawamwaga katika viatu vya baba yake. Mume wangu akatia mguu, akaruka, akapiga kelele, mtoto akajificha nyuma yangu, na kwa sauti ndogo sana akasema, "Tata, nimekuwekea za njiani." Alitaka baba yake ale akienda shuleni. Tulikuwa watatu tu chumbani. Sikumsimulia mtu, hata dada yangu, kwa sababu wiki ile ile mtoto alianza kuumwa. Wawili kati ya watatu walikuwa wamelala chini ya migomba Kamachumu.

"Rudia," nikamwambia mzee. Nilitaka kumkamata akibadilisha neno.

Akarudia. Hakubadilisha.

"Rudia tena."

"Mwana wange, mwache," mama mkwe akasema. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amejifunika uso na ile kaptula, mabega yanatikisika. Mjukuu wa kiume hakumpata. Akampata yule aliyekuwa amezikwa, na sisi sote tulikuwa tumeacha kumtaja.

Niliangalia mkono wa mzee kwenye nyuzi. Anavuta, anaachia, anavuta, anaachia. Nikakumbuka blanketi.

Mtadhani nilifurahi. Mume hakuwa na mwanamke, mrithi hakuwepo, kibanja hakijaenda. Lo! Nilikasirika ambavyo sijawahi kukasirika. Mwanamke ningejua la kumfanya. Hapa nilimtukana nani? Alimchukua mtoto wetu, akampeleka Kaagya, akamlilia kwa watu wasiomjua, akaniachia mimi uso mkavu na maneno ya semina. Nilimuuliza mzee kama mume wangu aliwahi kusema kwa nini hakuniambia.

"Alisema wewe umesimama," mzee akajibu. "Akasema, nikilia mbele yake ataanguka."

"Nani alimwambia nimesimama?" nilipiga kelele mpaka watoto wakakimbia uani. "Nani alimwambia? Mimi nilikuwa chini siku zote!"

Nikagundua nimezitafuna zile akamwani bila kujua. Hazikuwa na kitu, zilikuwa kahawa tu.

Mzee akasema wimbo ni wa nyumba yangu, yeye hana haki ya kufa nao. Nikamwambia hilo halina mjadala, ataletwa Kamachumu siku ya kuondoa matanga, hata kwa kubebwa. Akaogopa. Aliogopa kanisa, akaogopa zaidi watu wa chama. Nikamwambia, "Waitu, wakikukamata wataanza na mimi, na mimi nina mdomo."

Alibebwa kwa baiskeli mpaka barabarani, basi likamfikisha. Enanga ilifungwa kwenye mkeka, na mjumbe wetu akaushuku mkeka huo tangu ukiwa mlangoni pa basi. Siku zile watu walipeleka kahawa ya magendo ng'ambo ya mpaka, na kila kirefu kilichofungwa kilikuwa na kesi. Akaamuru ufunguliwe. Ulipofunguliwa uso wake ukakunjamana zaidi.

"Hiki si cha kuwasifia machifu?"

"Kilikuwa," nikasema. "Sasa kimepata kazi nyingine."

"Nitakaa nisikilize. Nikisikia jina la chifu hata mmoja, nasimamisha."

"Kaa hapa mbele kabisa," nikamwambia, nikamletea kigoda.

Watu walijaa kibanjani mchana ule. Ndugu wa mume walikuwa wameshakubaliana nibaki kwenye nyumba, maana mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakakubali. Wazee wa kanisa walisimama mbali kidogo, mahali ambapo mtu anaweza kusema alisikia au hakusikia. Yule mwanamke wa Kaagya alikaa kando yangu, kiuno kwa kiuno, kanda zetu mbili za mgomba zinakwaruzana. Sikuwa nimempenda bado. Nilikuwa nimeacha kumchukia, na kwa mtu kama mimi hiyo ni safari ndefu.

Mzee akaketi kati ya makaburi mawili, la zamani dogo na jipya kubwa, akaimba. Alipofika kwenye senene nilimtazama mjumbe. Alikuwa akimtafuta chifu katika kila neno, kichwa kimeinama, sikio mbele, na hakumpata. Kisha akavua kofia. Baadaye nilikumbuka kwamba surua ile ilipita nyumbani kwake pia.

Wimbo ukafika mahali ukasimama. Mzee aliendelea kuvuta nyuzi, zilezile, bila maneno. Watu wakasubiri. Nikamwuliza, "Mbona unanyamaza?"

"Ameishia hapa," alisema. "Alisema mwisho hajaupata. Kila Jumamosi alikuja kuutafuta."

Nyuzi zikaendelea. Mwanamke kwetu haimbi kwa enanga mbele ya wanaume, hasa mfiwa, hasa Mlutheri. Nilisikia mtu mmoja akikohoa upande wa kanisa. Sikufikiri. Nilisimama, nikaangalia lile kaburi jipya, na hasira yote ya Kaagya ikapanda na kutoka kooni kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ikaangukia palepale nyuzi zilipokuwa. Nilimfokea mume wangu kwa wimbo. Wanawake wakaitikia. Mama mkwe akaitikia. Mjumbe, kofia mkononi, akaitikia.

Mzee alishafariki, lakini enanga yake waliachiwa vijana wa Kaagya, na wanaoujua wimbo ule huumalizia mpaka leo kwa maneno niliyomwimbia mume wangu siku ile: "Ungeniita. Nilikuwa jikoni tu."